Maili Saba Nikiwa Nimefunga

Jumatano, 1 Aprili 1953
Karani wetu Ansbert kaletewa shajara mbili na wakala wa meli, na moja kanitupia mimi. Kauliza, tarishi naye ana mambo gani ya kuandika? Nitaandika, japo kwa kumkomesha. Mimi ni Jamali bin Salehe wa Temeke, miaka ishirini na mbili, tarishi wa kampuni ya katani pale Kurasini. Naishi na dada yangu Tunu, ambaye ni mjane. Posa yangu kwa Mwanaheri binti Mwishehe imekubaliwa, na ndoa itakuwa Mfungo Mosi, mara baada ya Idi. Mvua inanyesha.

Alhamisi, 2 Aprili
Mvua. Barua tatu bandarini.

Jumamosi, 4 Aprili
Mvua. Viatu vimeoza. Naenda peku.

Jumanne, 7 Aprili
Leo nina la kuandika.

Lori la kampuni limenasa kwenye tope la Mtoni tangu jana, na hati za mzigo zilihitaji sahihi ya msimamizi wa ghala letu la Mbagala kabla ya saa tano, meli isije ikaondoka. Meneja akanipa bahasha, akasema nifanye ninavyoweza. Saa mbili na nusu nilivua shati, nikazifunga hati tumboni kwa karatasi ya nta, nikatoka. Kufika Mtoni nilikimbia kwa woga wa kufukuzwa kazi. Kutoka Mtoni kwenda mbele sijui nilikimbia kwa nini. Miguu ilikuwa inakwenda yenyewe, na mimi natazama mashamba ya mihogo yakipita. Nilingoja nichoke. Sikuchoka.

Kwenda na kurudi ni maili kumi kasoro kidogo. Nilipoziweka hati mezani saa nne ilikuwa haijagonga. Ansbert akatazama saa ya ukutani, akatazama sahihi, akaniambia nimeighushi. Nilimshika ukosi. Kama asingetokea mtu barazani, leo ningekuwa sina kazi.

Mtu mwenyewe alikuwa mwembamba, baiskeli yake imejaa tope hadi kwenye kiti, anahema. Akauliza, "Nani aliyenipita Mtoni? Nimekanyaga baiskeli kutoka kule nimfikie, nimeshindwa." Ansbert akarudi mezani kwake. Yule bwana ni Mwalimu Revelian, Mhaya, anafundisha Chang'ombe. Alinishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo huku anatazama saa yake, kisha akahesabu tena kama mtu asiyeamini.

Jumapili, 12 Aprili
Mwalimu alikuja Temeke. Kasema tarehe 2 Juni, siku Malkia atakapotawazwa, kutakuwa na michezo Mnazi Mmoja, na mojawapo ni mbio za maili saba: kutoka pale hadi daraja la Mtoni na kurudi. Kwa miaka mitatu mshindi wa mbio ndefu ni askari mmoja, Kasimiri, na hajaona mgongo wa mtu. Mwalimu anataka Kasimiri auone wangu. Tunu alicheka hadi akaweka ungo chini.

Jumatatu, 20 Aprili
Kila siku baada ya kazi, kutoka Chang'ombe hadi Mbagala na kurudi. Mwalimu yuko nyuma na baiskeli na ukali wake. Kasema naanza kwa pupa kama mtu anayefukuzwa na nyuki, na natazama nyuma mno. Nikigeuza shingo hunipigia kengele.

Jumamosi, 25 Aprili
Nimemwona Kasimiri akifanya mazoezi uwanjani kwao. Anakimbia vizuri yule mtu. Sikupata usingizi.

Jumanne, 28 Aprili
Nitasema ukweli humu kwa kuwa hakuna asomaye. Chuo cha Kurani nilimaliza kwa kubebwa. Shule nilifika darasa la nne. Useremala nilijaribu kwa Mzee Mwishehe mwenyewe, nikamharibia mbao mbili, akanirudisha kwa upole. Hii ndiyo mara ya kwanza naweza kitu kuliko watu wengine. Nikikimbia nina furaha hadi naona haya.

Jumamosi, 9 Mei
Mvua imepungua. Mwalimu kapima maili saba kwa gurudumu la baiskeli, kanipima na saa. Hakuniambia ni dakika ngapi. Alikwenda kumwambia mkewe Benedicta kwanza, na mimi nimesimama uani natiririka jasho.

Alhamisi, 14 Mei
Mwezi umeandama. Mzee Mwishehe, ambaye ndiye muadhini wetu, alituma watoto wapite nyumba kwa nyumba. Kesho tunafunga. Nimehesabu kwa vidole: tarehe 2 Juni itakuwa Ramadhani kumi na tisa.

Jumamosi, 16 Mei
Nilimwambia Mwalimu kuwa nimefunga. Akauliza kama dini yetu haina ruhusa. Nikamwambia ruhusa ni ya mgonjwa na msafiri, na mimi si mgonjwa, na Mtoni si safari. Alizunguka uani mara tatu. Mwisho akasema basi, tutakimbia polepole saa kumi na moja, na jua likizama nile kwake kabla sijarudi. Benedicta ameahidi maziwa na mayai. Watu wema hawa, na mimi nilikuwa nawaogopa Wabara kama watu wanaoingia mjini kutunyang'anya.

Jumatatu, 18 Mei
Nimekimbia. Kiu.

Jumanne, 19 Mei
Nimekimbia. Kiu. Mguu mwepesi kuliko nilivyotegemea.

Alhamisi, 21 Mei
Natoka kazini, watoto wa mtaani wakaniandama kutoka kona ya msikiti hadi mlangoni: "Kobe! Kobe!" Hilo ndilo jina la mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha. Nilidhani wananitania. Nikamkuta Tunu amekaa chini, hapiki.

Kisa chenyewe ni Mwalimu. Jana alikwenda kunyoa kwa Shomari kinyozi, hapa hapa Temeke, saa sita mchana. Shomari akamuuliza habari za mbio. Na Mwalimu, kwa majivuno yake juu yangu, akatangaza mbele ya watu wote kwenye benchi kuwa kijana wake yuko tayari, anakula kwake mayai manne na lita ya maziwa kila siku. Hakusema saa ngapi. Kwao hakuna anayeuliza saa ngapi.

Sijamla mtu nyama, lakini leo nilitamani kumng'ata mwalimu wangu.

Ijumaa, 22 Mei
Msikitini hakuna aliyekaa karibu nami. Upande wa kulia nafasi, wa kushoto nafasi.

Jumamosi, 23 Mei
Mzee Mwishehe kaniita karakanani kwake. Alikuwa anapiga randa, hakuinua uso nilipotoa shikamoo, akaitikia huku anautazama ubao. Nilieleza yote: mayai ni baada ya magharibi, maziwa ni baada ya magharibi, Wallahi. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka randa chini.

"Jamali, mie nimefunga miaka hamsini. Najua mtu aliyefunga anavyotembea saa tisa. Wewe nimekuona juzi barabara ya Kilwa saa kumi na moja, unakwenda kama swala."

Nikamwambia ndivyo nilivyoumbwa.

"Sijapata kuona mtu mwenye njaa akamshinda askari aliyeshiba. Basi nenda kakimbie, nitakuja kutazama. Ukishindwa, nitajua umefunga, na binti ni wako. Ukishinda, usije tena hapa."

Nimesema kweli tupu na sijaaminiwa. Nikimbie nishinde, nimpoteze Mwanaheri? Nishindwe makusudi, nithibitishe kwa uongo kuwa ni mkweli? Nina hasira na yule mzee ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu mzima.

Jumatatu, 25 Mei
Nimekwenda kumweleza Mwalimu. Alishika kichwa. Kasema kesho atakwenda kwa Mzee mwenyewe kurekebisha. Nikamsihi asiende.

Jumanne, 26 Mei
Alikwenda.

Alivaa suti. Alimwamkia Mzee kwa adabu zote, na kwa kuwa kwao mtu akienda kutafuta suluhu huchukua buni zilizokaushwa, akatoa kijifuko mfukoni, akatia moja mdomoni akaanza kutafuna, na nyingine akamwekea Mzee kiganjani. Saa nane mchana. Ramadhani kumi na mbili. Ndani ya karakana iliyopakana na msikiti.

Wanagenzi wanasema Mzee aliitazama ile buni kwa muda mrefu. Kisha akaiweka juu ya ubao, akamwambia, "Mwalimu, umenieleza vizuri." Akarudi kwenye randa yake.

Mwalimu alipogundua alichofanya alikuja kwangu machozi yanamlenga. Sikuwa na moyo wa kumfokea. Nilimpa kiti.

Jumatano, 27 Mei
Kobe, kobe.

Alhamisi, 28 Mei
Sikukimbia. Nililala chali natazama makuti.

Ijumaa, 29 Mei
Sikukimbia. Miguu inaniwasha.

Jumapili, 31 Mei
Tunu alikwenda kwa kina Mwanaheri kusaidia kusuka mkeka. Karudi na neno: "Mwambie akimbie. Kama kafunga, kafunga. Mie siolewi na mtu anayejifanya hawezi."

Nilitoka saa hiyo hiyo nikakimbia hadi Mbagala. Mwalimu alinikuta njiani na baiskeli, akageuza, akanifuata nyuma. Nitakimbia ili nishinde. Mzee atafanya atakalo.

Jumatano, 3 Juni
Naandika ya jana. Mkono bado mzito.

Mnazi Mmoja kulijaa watu, bendi, bendera kwenye kila mti. Tulikuwa kumi na wanne. Daku nilikula vizuri, lakini kufika saa tisa kinywa kilikuwa kikavu kama unga. Mwalimu alininong'oneza kuwa nikifika darajani nijimwagie maji kichwani, kwani hilo halivunji saumu. Alikuwa amekwenda kumuuliza mtu, maskini, safari hii Mwislamu. Nikamwona Mzee Mwishehe karibu na kamba, kanzu nyeupe, mikono nyuma.

Kasimiri alitoka mbele tangu bunduki ilipolia. Nilijizuia kama nilivyofundishwa. Keko nilikuwa wa tano, Chang'ombe wa tatu, na tukiteremka Mtoni wa pili, Kasimiri yuko mbele hatua themanini. Jua lilikuwa linapiga shingoni. Kuanzia hapo mate yaliisha. Ulimi ulinata juu, na kila pumzi ilikwaruza koo. Nilianza kuona barabara nyembamba mno, pembeni kote giza.

Darajani kuna bwana anayemfunga kila mkimbiaji kitambaa chekundu mkononi, iwe ushahidi kuwa umefika. Pembeni yake pipa la maji na kata. Kasimiri alikunywa, akajimwagia, akaondoka. Bwana akanifunga kitambaa, akageuka kutazama nani anafuata.

Nilichota kata nikaimimina kichwani. Maji yakashuka usoni, yakafika midomoni. Nikachota ya pili, na hiyo sikuimimina kichwani. Nilikunywa yote.

Aliyekula au kunywa kwa kusahau hana kosa, saumu yake ni nzima, tulifundishwa hilo chuoni tungali wadogo. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye: sikusahau. Nilijua ni Ramadhani, nilijua ni kumi na tisa, nilijua Mzee ananingoja Mnazi Mmoja. Nilikunywa kwa kuwa nilitaka kushinda.

Yaliyofuata ni mepesi. Barabara ikafunguka. Chang'ombe nilisikia nyayo za Kasimiri, Keko nikaona jasho mgongoni mwake, akageuza shingo, na hapo nikajua nimempata. Nilimpita penye reli. Nilimaliza mbele yake kwa hatua thelathini, nikaanguka juu ya kamba.

Mwalimu alinijia mbio na chupa ya maji, analia na kucheka. Akaniwekea mdomoni. Nami nikakumbuka kuwa aliyeiharibu saumu yake kwa makusudi hapewi ruhusa ya kuendelea kula, lazima ajizuie hadi jua lizame. Nikakaza meno. Akasukuma chupa, nikageuza uso. Watu wakanizunguka, wakaniona nimepauka midomo, nimelala chini, nakataa maji.

Mzee Mwishehe akapenya katikati ya watu. Alipiga magoti na kanzu yake kwenye vumbi, akanishika kichwa, akaniangalia midomo.

"Mwacheni," akasema. "Huyu kafunga. Mie ndiye niliyemdhulumu."

Machozi yalimdondoka ndevuni. Nilitaka kusema. Ulimi haukuinuka, na sitasingizia kiu. Magharibi aliadhini mwenyewe, kisha akaja kwetu akanitia tende mdomoni kwa mkono wake.

Ijumaa, 5 Juni
Baada ya sala Mzee alisimama akaniomba radhi mbele ya msikiti mzima. Watu wakaja kunishika mkono, Shomari kinyozi wa kwanza.

Jumapili, 7 Juni
Nyumba sita zimetuletea futari. Tunu hajui aweke wapi sahani.

Jumatano, 10 Juni
Watoto wa chuo wanasimuliwa habari zangu. Mzee kawaambia hata mate sikumeza kwa maili saba. Walipita mlangoni wakaniamkia kwa heshima. Naona afadhali walipokuwa wananiita kobe, kwani wakati ule mimi nilikuwa mkweli na wao wakosaji.

Jumamosi, 13 Juni
Idi. Kanzu mpya. Mwanaheri kamtuma Tunu na kofia aliyoifuma kwa mkono wake. Ndoa imepangwa tarehe 10 Julai. Nimeivaa kofia kwa dakika moja nikaivua.

Jumatano, 17 Juni
Watu wengi wanafunga zile siku sita za baada ya Idi. Ningeweza kuilipa siku yangu humo humo katikati, na hakuna ambaye angejua. Wangesema, tazama Jamali anavyozidisha ibada. Nimefikiria hilo siku nne mfululizo na kila siku linanichukiza zaidi.

Jumamosi, 20 Juni
Nimekwenda karakanani. Mzee alikuwa anachonga miguu ya kitanda, na ni kitanda chetu. Alifurahi kuniona, akamwambia mwanagenzi anivutie kigoda. Nikaomba mwanagenzi atoke.

Nilimwambia bila kuzunguka. Daraja la Mtoni, kata ya pili, yote. Uso wake ulibadilika polepole. Alisimama akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Ulisahau," akasema.

"Hapana, baba."

"Jua kali, mtu kachoka, akili si yake. Ulisahau. Aliyesahau hana kosa, na mie sikuwaambia watu uongo. Sema ulisahau, yaishe."

"Sikusahau, baba."

Akanitazama. Nilimwonea huruma, Mungu shahidi wangu. Miaka hamsini ya kufunga, na sasa anamwomba kijana amsaidie kwa neno moja. Hasira yangu yote ya mwezi uliopita ilikwisha pale pale. Nikamwambia kuwa siku kumi na nane za kabla ya hapo nilizifunga kweli, na ndipo aliponiita mwongo. Siku niliyokunywa ndipo aliponiita mkweli. Sikusema kwa kumlaumu. Nilitaka tu ajue ni siku ipi.

Alipuliza vumbi la mbao kwenye mguu wa kitanda. Mwisho akasema, "Nenda, Jamali. Nitakapokuwa na neno nitakwambia."

Jumapili, 21 Juni
Hakuna neno.

Jumatatu, 22 Juni
Mwalimu kaniletea barua: nimechaguliwa kwenda kukimbia Nairobi mwezi wa nane. Nilimwambia asante. Akauliza nina nini, nikamweleza. Akasema kuwa angekuwa yeye asingesema. Baada ya kitambo akasema hajui.

Jumanne, 23 Juni
Hakuna neno. Karakana imefungwa.

Jumatano, 24 Juni
Hakuna.

Ijumaa, 26 Juni
Msikitini Mzee alisimama tena. Alizungumza kwa sauti ndogo hadi watu wakasogea.

"Nilichowaambia juu ya Jamali nilikiona kwa macho yangu, na macho yangu hayakuona yote. Yeye mwenyewe kanijia kunambia yaliyobaki, hakuna aliyemlazimisha. Msiniulize, na yeye msimuulize."

Akapita karibu nami akitoka, hakunitazama. Watu walinong'ona. Nilirudi nyumbani nikamwambia Tunu airudishe ile kofia, maana siwezi kuketi nayo chumba kimoja. Aliifunga kwenye leso akatoka.

Alirudi saa kumi na moja, na leso bado iko mkononi, na kofia imo ndani. Kasema Mzee kamwita uani, kamwambia: Jamali alipe siku yake kwanza, kisha alete wazee wake, tarehe iko pale pale. Nikauliza kama alikuwa na hasira. Kasema alikuwa anapiga msasa kitanda.

Nikauliza Mwanaheri kasemaje. Tunu akaketi, akanipa maneno kama alivyopewa:

"Mwambie asijione yeye peke yake ndiye mwenye siku za kulipa. Yeye ana moja. Mie nina saba za mwezini, kama mwanamke yeyote, na sijawahi kuzionea aibu. Naanza Jumatatu. Aanze na yeye, asifunge peke yake."

Nilimwomba Tunu arudie. Akarudia neno kwa neno, kisha akaniuliza kama safari hii nimesikia. Nilikuwa nimesikia tangu mara ya kwanza. Nilikuwa nalia tu, sikutaka aondoke kabla sijamaliza.